Dirisha la Ungo Mmoja

Nyumba ya bibi yangu ni tembe, ya udongo mpaka paani, kwenye kijiji kisicho mbali na Gulwe. Ni ya siku nyingi mno, hata wilaya imeiingiza kwenye orodha ya majengo ya kale. Wanafunzi wakiletwa kuitazama, Bibi huwaambia, "Na mimi nitazameni, si nimo humo humo kwenye orodha?"

Tatizo lilikuwa giza. Bibi anatunga shanga, na macho yake yamechoka. Akikaa nje, upepo wetu unazimwaga zote mchangani, kuku wanadonoa. Akikaa ndani, haoni tundu la shanga. Shangazi yangu, bintiye, akasema basi, mwisho wa mwezi atakuja kumchukua akakae kwake mjini, Area D, kwenye umeme. Bibi hakubishana. Ila tangu siku hiyo akawa anapapasa kuta kama mtu anayeaga.

Mimi nikawaza, si tutoboe dirisha? Lakini nyumba ya kale haitobolewi hivi hivi, inatakiwa kibali. Nikaenda wilayani kuchukua fomu. Nimeishia darasa la saba, ila mwandiko wangu watu wanausifu. Penye "badiliko linaloombwa" nikaandika: dirisha. Penye "ukubwa" nikamuuliza Bibi.

"Kama ungo wangu," akasema.

Nikaandika: ungo mmoja.

Wiki iliyofuata afisa utamaduni akaja mwenyewe, fomu mkononi. Akagonga kichwa mlangoni, akaamkia huku amejishika paji la uso.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Mlango huu unapenda watu wainame."

"Kijana wako kaandika ungo mmoja. Ungo si kipimo, Bibi."

"Si kipimo? Kwani mama yako alikuwa anapepetea futikamba?"

"Lakini nyungo hazilingani!"

"Wa kwangu uko mmoja tu."

Akacheka mpaka akasahau kichwa. Akaniambia niulete. Akaushikilia ukutani, mimi nikauzungushia mkaa. Akagongagonga ukuta, akaona pale hakuna nguzo. Paa linabebwa na nguzo, ukuta unaziba upepo tu. "Hili ni badiliko dogo," akasema. Nikamwangalia Bibi. Kwake halikuwa dogo hata kidogo.

Tukangoja, na mwezi unakwisha. Kibali kikaja kimegongwa muhuri: dirisha la duara, lisizidi ungo wa mwenye nyumba, na udongo utakaotoka utumike kusiliba kingo zake. Mimi kwa kuota kwangu nilikuwa nimeshafikiria na vioo vya rangi.

"Vioo vya nini, mume wangu?" Bibi akaniambia. "Nataka kuona shanga, sitaki kuonekana."

Nikatoboa taratibu, nikasiliba. Asubuhi jua likaingia, likaweka duara sakafuni, na Bibi akatandika mkeka wake papo hapo.

Shangazi akaja kama alivyoahidi, na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Hata kabla ya kuingia akalishangaa dirisha, akachungulia.

"Mama, mbona hujafunga mizigo?"

"Sogea hapo, mwanangu," Bibi akasema bila kuinua kichwa. "Unaniziba."

Shangazi akasogea. Akasimama kidogo, kisha akainama, akaingia, akakaa naye mkekani, akaanza kumchagulia shanga nyekundu.

Siku mbili baadaye begi lilirudi Area D, limejaa karanga.