Vidole Vitatu vya Boksi

Mtu akinisifia mfano wa nyumba uliotengenezwa kwa maboksi, natamani kumuuliza kama ameupima unene wa hilo boksi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nasomea usanifu wa majengo, na kiburi kimenijaa. Baba alitaka kuongeza chumba uani kwetu Kanyenye ili bibi, mama yake, ahamie kutoka Ziba awe karibu na hospitali. Magoti yalikuwa yamemwisha. Alitoa sharti moja tu: aje na kitanda chake cha mninga, kwa kuwa kiko juu, na akilala chini hawezi kuinuka peke yake. Uani nafasi ilikuwa finyu. Nikaenda Ziba kukipima kitanda, nikachora chumba kwenye kompyuta, nikakiweka kitanda ndani. Kiliingia, kwa shida, lakini kiliingia. Nilikizungusha chumba kile kwenye skrini mpaka mama akasema namtia kizunguzungu.

Fundi wetu, mzee aliyejenga nusu ya mtaa, alitazama kwa adabu. "Kizuri," akasema. "Sasa nipe kitu cha kushika."

Basi nikaamua kumtengenezea mfano. Nilizunguka maduka siku nzima nikitafuta karatasi ngumu nyembamba, nikaambulia kuuziwa madaftari. Likizo inaisha, nifanyeje? Nikakata boksi la televisheni, nikagundisha kuta nne, nikaandika kipimo chini: moja kwa hamsini. Nikamwachia pamoja na michoro, nikarudi chuoni.

Niliporudi nyumbani, chumba kilikuwa kimeshaezekwa, bibi ameshafika, na kitanda kimesimama uani kimefunikwa turubai. Hakikuingia kwa urefu wala kwa upana. Kilizidi vidole vitatu. Nilipandwa na hasira hata shikamoo nikaisahau, nikamuuliza fundi nani alimtuma kujenga kuta nene kama za tembe.

"Wewe," akasema. Akautoa mfano wangu, akaweka rula kwenye ukingo wa boksi. "Ukuta nusu sentimita. Mara hamsini, ishirini na tano. Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Kwenye mchoro ni kumi na tano."

"Mchoro ulinyeshewa. Hiki kilikuwa kabatini."

Kosa lilikuwa langu: kwenye kompyuta ukuta ulikuwa mwembamba, kwenye boksi ukanenepa kwa ndani, nami nilikuwa nimeangalia umbo la nje tu. Fundi akashauri kitanda kikatwe. Baba akasema kitanda cha mama yake hakikatwi. Kubomoa ukuta ilikuwa kufumua paa, na mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa. Wakanitazama mimi, msomi. Godoro likatandikwa sakafuni.

Asubuhi bibi aliniita. Nilimkuta ameketi kwenye godoro, mgongo ukutani, amejifunga khanga yake vizuri, ananisubiri. Nikamshika kwapani, nikamnyanyua. Magoti yake yalilia, yeye hakulia.

"Chumba kina ubaridi mzuri," akasema, amening'inia shingoni kwangu. "Hizi kuta hazipitishi jua. Walimu wako wamekionaje?"

Hakuna mwalimu aliyekuwa amekiona. Nikamwambia wamenipa alama za juu kuliko wenzangu wote. Akafurahi sana, akaniomba nimsogeze taratibu hadi mlangoni.