Bakuli Yangu ya Maua

Nikifungua mikroonde, mashine ya kupashia chakula moto, harufu ya sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya mawese inanirudisha jikoni kwetu Mudzipela. Baba mukubwa, kaka ya baba, alikuja na njaa. Siku zote chakula yake ilikaa mu sahani yake ya chuma yenye kifuniko, na hakuna mwingine aliyeigusa. Siku ile mama alimimina sombe yake mu bakuli yangu ya kioo, iliyochorwa maua ndani, akaifunika, akaiingiza mu mikroonde mpya.

“Weye! Miye nikule mu bakuli ya mutoto?”

“Chuma haiingiake humu, shemeji. Italeta moto.”

“Tia sahani yangu, ao nitamwambia bwana yako!”

“Umwambie.”

Mama akabakisha mukono juu ya mulango ya mashine. Mashine ilipolia, akafungua, akakoroga mpaka chini, akaonja katikati: bado baridi. Akairudisha ndani. Baba mukubwa alisimama pale akimeza mate.

Alikula yote, mpaka maua ikaonekana.

Leo bakuli ile iko kwangu. Mukubwa yeyote akikuja na chuma yake, ninamuonyesha kwenye wanauzisha makala ya kuwasha moto, aipashie kule.