Manukato Niliyompelekea Mama Paulina

Niliapa kwamba aibu hii nitakufa nayo, lakini kwa kuwa Paulina ameshawasimulia wauza viazi wote wa soko la Mbulu, na kila nikipita wananusa hewa halafu wanacheka, bora mnisikie mwenyewe, walau nipunguze chumvi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimekaa Tanga, nikakaa Mererani, nikaishia Arusha kwenye duka la kuchanganya manukato, na niliporudi kwetu Maretadu, huku juu Mbulu, nikiwa na miaka arobaini na minne, bila mke wala ng'ombe, mali yangu ilikuwa sanduku la vichupa vya harufu za maabara, zile ambazo tone moja linakupa waridi bila shamba la waridi. Ugonjwa wangu ni kufufua manukato ya zamani, yale mazito ya mama zetu, ambayo ukikaa kwenye benchi la kanisa unajua nani alikalia hapo Jumapili iliyopita (vijana wa leo wananukia pipi, tuwaache).

Sasa Paulina, niliyetaka kumuoa, akaniambia mama yake kule bondeni Yaeda Chini hataki kunisikia. "Anasema mtu asiyemaliza masika mawili mahali pamoja ataniacha na watoto mgongoni." Ila akanidokeza kwamba mama anayo mpaka leo chupa ya manukato aliyonunuliwa na marehemu mumewe walipooana. Nikamwambia, niletee hiyo chupa. Moyoni nilikuwa nimeshaoa.

Chupa ikaja, tupu, ya kioo kizito. Nikanusa. Kwa mbali kulikuwa na waridi, na kitu kama sabuni mpya, na chini kabisa, jamani, kulikuwa na mnyama. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi, mtaalamu, nikafumba macho nikasema, "Fungo!" Maana manukato ya zamani kweli yalitiwa harufu ya fungo, yule mnyama wa usiku, kidogo tu ili maua yapate joto, siku hizi inatengenezwa maabara, fungo mwenyewe amelala zake porini. Nikachanganya waridi mle mle ndani ya chupa, nikatia tone la fungo. Lakini mnaijua baridi ya Mbulu mwezi wa saba, harufu yenyewe inajikunyata, nikaona mnyama hatoshi, nikaongeza la pili, la tatu, baadaye nikaacha kuhesabu.

"Inafanana na chupa?" nikamuuliza Paulina.

Akanusa, akasita. "Kabisa. Kama chupa."

Hapo ndipo nikafanya lile jambo dogo: asubuhi ya safari nikajipaka shingoni, kifuani na kwenye mikono ya koti, ili mama anipokee pamoja na kumbukumbu zake.

Tukateremka kwa bodaboda mbili, na kila tulivyoshuka joto lilizidi na mnyama naye akazidi kuamka. Dereva wangu alivumilia, mwishowe akasimama.

"Mzee, samahani, umebeba nyama?"

"Ni manukato."

"Ya kupaka, au ya kutegea wanyama?"

Tulifika wakati wa kukamua jioni. Mama alikuwa amekaa na wajomba wawili wa Paulina. Nikainama, "Shikamoo mama," na kabla hajaitikia ndama mmoja akanijia mbio, akadaka mkono wa koti, akaanza kunyonya. Nikavuta, akavuta. Akaja wa pili, akashika pindo la nyuma. Na mimi bado nimeinama, kwa sababu kwetu huwezi kuinuka shikamoo yako ikiwa bado hewani (siku hiyo ndiyo nilijua kwamba adabu nayo inaponza).

"Marahaba," mama akasema hatimaye, huku machozi yanamtoka, nami nikafurahi, nikajua amemkumbuka marehemu. Nikampa chupa, nikamweleza kwamba nimemrudishia manukato ya harusi yake. Akanusa. Akanusa tena.

"Baba," akaniambia taratibu, "yale yaliisha siku nyingi. Paulina alipokwenda bweni, chupa nikaigeuza ya mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe. Alivyoiomba juzi nikaiosha kwa maji ya moto. Naona haikutakata."

Mjomba mkubwa akashika mbavu. "Dada, tumeletewa mkwe au ng'ombe wa maziwa?"

"Lete kibuyu tujaribu!" akadakia mdogo wake. Paulina, ambaye nilitegemea anitetee, alikuwa amekaa chini anacheka bila sauti.

Nikavua koti nikawaachia ndama, nikatafuta pikipiki kwa macho. Lakini mama alikuwa amepaka tone kwenye kiganja, amekisogeza mbali na pua, anatikisa kichwa. "Huku juu lakini," akasema, sasa hacheki, "hii harufu ya waridi ndiyo yenyewe. Ndiyo aliyoninunulia." Akawageukia ndugu zake. "Aoe tu. Huyu hata akitoroka, tutafungulia ndama, watamleta."

Masika mawili yamepita, bado niko. Nimeapa chupa ya mtu siinusi kabla sijamuuliza ilitiwa nini, na ukweni naenda na harufu ya sabuni ya kipande, basi. Koti sijarudishiwa. Mama amelitundika zizini, na anasema ndama wakiachishwa kunyonya, hawatulii mpaka walione.