Damu ya Mrina Asali

Anselm Luhende wa Ipuli alikuwa mrina asali, na kwetu Unyamwezi hiyo ni kazi ya heshima. Vita vya pili vya Wazungu vilikuja vikaisha, yeye yuko msituni na mizinga yake ya magome. Hakuwahi kuugua ugonjwa wa maana. Kisha ikamjia kiu.

Alikuwa akimaliza mtungi wa maji asubuhi, na midomo bado mikavu. Mwili ukapukutika. Pale alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi wakajaa. Basi kila mtu akawa mganga. Mdogo wake Limbu, aliyeshindwa hata kutibu kidonda cha mguuni mwake mwenyewe, alisema kaka amerogwa, na aliposema hivyo alimtazama shemeji yake. Anayeshika chungu ndiye husingiziwa uchawi. Maneno ya namna hiyo yamefukuza wajane wengi majumbani mwao, nami nayachukia mpaka leo.

Nyamizi, mke wa Luhende, alikuwa akimpa asali. Kwetu aliyedhoofu hupewa asali. Mzazi aliyetoka kujifungua hupewa, na mgonjwa asiyeweza kutafuna hulambishwa. Alimkorogea katika maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, na kadiri mumewe alivyokonda ndivyo alivyomzidishia. Alimpenda, maskini.

Hatimaye padri akawasihi waende hospitali mjini. Limbu naye akafuatana nao, kwa kuwa ilisemwa mumiani hutafuta damu za watu hospitalini, asije kaka yake akakamuliwa. Walipokewa na tabibu kijana, Raymundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Raymundi alimsikiliza, akasema damu itapimwa kesho yake, na mgonjwa aje bila kula kitu.

Kesho yake sindano ikaingia mshipani. Limbu aliikodolea macho ile damu hadi ikapelekwa chumba cha ndani. Wakangoja barazani muda mrefu, kisha Raymundi akatoka, uso umekunjamana.

"Mzee, damu yako ina sukari nyingi mno. Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Hata kunywa?"

"Asali tu. Asali si chakula, ni dawa."

Raymundi akashusha pumzi. Akaeleza polepole kwamba huu ni ugonjwa wa kisukari, kwamba damu itapimwa tena kesho, ila ugonjwa wenyewe hauna shaka. Dawa yake ya sindano ilitoka Dar es Salaam, mara ilikuja na treni, mara haikuja. Na asali kwake ilikuwa sumu.

"Nani anakupa hiyo asali?"

Limbu akainua kichwa. Nyamizi akafungua mdomo aseme.

"Naichota mwenyewe," Luhende akamtangulia. "Huyu mama ananikataza kila siku. Ni uroho wangu tu."

Walirudi Ipuli kwa miguu, Limbu ametangulia mbele. Nyamizi alilia njia nzima bila kujificha.

"Baba Flavia, mbona umejitwisha kosa langu? Mimi ndiye niliyekulisha sumu."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Basi ungeniacha nikasema kweli."

Luhende akasimama, akaegemea fimbo yake mpaka pumzi ikamrudia. Alimtazama mdogo wake kule mbele.

"Mimi nitaondoka, Mama Flavia," akasema. "Wewe utabaki na Limbu na maneno yake."