Shati Langu Kwenye Mfarishi wa Mtoto

Juzi mteja alikuja na mfarishi, lile shuka zito la kujifunika lililoungwa kwa vipande vya khanga, kwenye duka langu la magodoro Mikocheni, duka nililolifungua kwa akili yangu mwenyewe, darasa la nne sikumaliza. Palepale mawazo yakanirudisha utotoni Mwananyamala.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kinashona uani kwetu, kunanukia maandazi. Kila nyumba ilitoa kipande cha nguo, mtoto mchanga wa jirani yetu Mwajuma afunikwe. Mama akalikata shati langu jekundu la Idi, lililokuwa limeshanibana.

"Basi na huyu tumempa Mwajuma," bi mkubwa mmoja akatania, akininyooshea kidole.

Mie nikaamini nimetolewa pamoja na shati! Nikajitupa katikati ya mfarishi, nikalia, "Sihami!"

"Nani akuchukue, unavyokula hivyo?" mama akasema.

Walicheka mpaka wakashindwa kutunga uzi, kisha wakaendelea kushona kunizunguka, hadi usingizi ukanichukua.

Leo najua kile kipande kilikuwa salamu tu ya nyumba yetu. Lakini mtoto yule, Juma, alipokua nilimwambia, "Ulifunikwa kwa shati langu, wewe ni mdogo wangu." Ndiye anayenisimamia duka.