Matanga ya Mshairi wa Marekani

Nikiwa kidato cha kwanza nilifanya ujinga ambao rekodi yake sijaivunja hadi leo: nilimuua mama mzazi wa mwalimu wetu wa Kiingereza, naye wakati huo yuko kwao Marekani, mzima kabisa. Ilikuwa masika, matope hadi magotini, kijiji chetu kizima cha Ikolo kinanuka kakao iliyofunikwa majani ya migomba ichachuke. Mwalimu, dada wa kujitolea kutoka huko Marekani, alikuwa akitufundisha habari za mshairi mmoja wa kwao, mwanamke wa miaka ya hamsini aliyepiga chapa ofisini mchana, kisha akaandika mashairi mezani jikoni watoto wakishalala. Alitoa kitabu kimoja tu, chembamba. Shairi alilolipenda mwalimu lilihusu mikono ya mama ikimenya viazi. Siku alipotusimulia jinsi mshairi yule alivyokufa mapema, wakati wa theluji, peke yake, sauti ilimkatika, machozi yakamtoka. Mimi, kichwa cha darasa, nikajumlisha: mtu mzima hamlilii mtu baki. Halafu picha ya kitabuni, pua ni ile ile! Nikakimbia nyumbani. “Mama, mwalimu amefiwa na mama yake.”

Mama aliuliza neno moja tu: “Na yuko peke yake?” Akafungua mpunga wa mbegu, akawapigia kelele wenzake wa kwaya, na muda si mrefu wanawake walikuwa njiani, khanga viunoni, kuni na ndizi vichwani, wakilia kwa sauti. Mimi nyuma na sufuria. Hapo ndipo Lugano, tuliyesoma naye, aliponinong’oneza: “Mama yake yupi? Si juzi alituambia anakuja kumtembelea Krismasi?” Kwetu, kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo, na aliyekuwa mbele ya msafara ule ni mama yangu. Angetazamwaje tena kanisani? Nikafungua mdomo niseme, kilio kikanimeza.

Mwalimu alitoka na povu la sabuni mikononi, akakuta baraza limejaa wanawake waliojitupa chini. Akanitazama. “Nani amekufa?” Nilinyoosha kidole kwenye kile kitabu, kilichokuwa dirishani. Alielewa, akawa mwekundu. Kilio kikapungua, kikanyamaza. Mama akajifuta uso.

“Mwalimu, huyu wa kitabuni ni nani wako?”

“Si ndugu yangu, mama. Sijawahi kumwona. Alikufa kabla sijazaliwa.”

Nilifumba macho. Mvua ilipiga bati.

“Alizikwa na nani?” mama akauliza.

“Watu wachache. Theluji ilikuwa nyingi.”

“Wanawake hawakulala pale?”

“Hapana.”

Mama akawageukia wenzake. “Kumbe bado hajaliliwa. Tandikeni majani.”

Wakatandika. Mwalimu akasoma shairi, mimi nikatafsiri. Viazi nikavigeuza ndizi, na hakuna aliyelalamika. Walilia sawasawa, mwalimu akiwa katikati yao, akirudia “ndaga, ndaga”, asante ya kwetu, kwa matamshi ya kuchekesha. Njiani kurudi mama alinishika sikio, hakuliachia hadi mlangoni kwetu. “Siku nyingine uliza kwanza, we mwana!”

Siku hizi misiba inanifikia kwenye simu. Natuma mchango, naweka vile vikono viwili vilivyokutana, narudi kwenye kiti changu. Mimi na matope tulishaachana. Juzi nilikuwa barazani namsimulia haya jirani yangu, Mama Sekela, aliyekuwa akirudi kutoka kwenye matanga niliyoyakwepa. Nilidhani atacheka. Akatua beseni, akaikung’uta khanga yake, akaniangalia mimi, akakiangalia na kiti. “Yule Mmarekani alikuwa na bahati, alikufa mapema, akaliliwa mama yako akiwa hai. Wewe usiyetoka ndani, siku yako tutakulilia kwa meseji.”