Pampu Yangu Chini ya Helikopta

Niliondoka nyumbani kwangu Kware Jumatano alfajiri kwa sababu ya pampu. Mimi ni fundi wa mashine zinazoendeshwa kwa msukumo wa mafuta. Kampuni moja inayokata matawi yaliyoegemea nyaya za umeme ilikuwa imeniletea pampu mbovu, nikaitengeneza, na sasa ilitaka niende kuifunga hukohuko kazini, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Pampu hiyo ni ya msumeno mkubwa unaobebwa ukining'inia chini ya helikopta. Niliposikia neno helikopta, mengine yote hayakuniingia masikioni.

Mke wangu, Mwende, alinikuta mbele ya kioo nikijaribu miwani ya jua.

"Baba Mumo, unaenda kufunga pampu ama kuposa?"

"Naenda kuruka."

"Wamekwambia utaruka?"

"Hayo si lazima mtu aambiwe."

Saa kumi na mbili, pikapu ya kampuni ilinichukua karibu na mtaa wa Pipeline. Dereva alikuwa Mzee Karanja, mtu wa maneno machache, na nyuma alikuwa amepakia madumu ya petroli. Maneno aliyokosa yeye niliyatoa mimi. Tangu Embakasi hadi tulipoanza kuona ukungu wa Limuru nilimfundisha kazi ambayo hakuuliza: kwamba helikopta hubeba tu, kwamba msumeno una injini yake ndogo ya petroli juu ya fremu, injini inazungusha pampu, na pampu inasukuma mafuta ya mashine kwenye mabomba ya mpira hadi yazungushe meno ya kukatia.

"Umeshaiona ikifanya kazi?" akauliza.

"Nimeona video," nikasema, kisha nikavaa miwani yangu ya jua.

Saa tatu tulifika kwenye malisho ya Mama Njeri, mama mnene mchangamfu aliyeruhusu helikopta itue kwake. Rubani, Kapteni Wambui, alikuwa akikagua kamba za chuma. Nilimsalimia, nikamuuliza kama nitakaa kiti cha mbele.

"Kiti gani, fundi? Msumeno ukining'inia, naruka peke yangu. Kazi yako iko hapa chini."

Nikavua miwani.

Kufunga pampu kulinichukua saa nzima. Wakati huo Mama Njeri alikuwa amefika na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Alinieleza kwamba laini ile ya nyaya ndiyo inayopeleka umeme kwenye zahanati ya bondeni, na kila upepo ukivuma stima hupotea. "Binti yangu alijifungua wakimmulika kwa simu," akasema. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, lakini jicho langu lilikuwa kwenye sufuria. Nikawasha injini ya msumeno, meno yakazunguka kama sekunde kumi, nikazima.

"Tayari!" nikapaza sauti, nikaenda kunawa mikono.

Saa tano helikopta iliinuka na msumeno wake. Tawi la kwanza likaanguka, la pili likafuata, nami nikawa napiga picha kana kwamba ninayeruka ni mimi. Katika tawi la tatu mlio ukabadilika, pampu ikaanza kukoroma. Sauti ya Kapteni ikatoka kwenye redio ya msimamizi wa kazi, aliyesimama karibu nami: "Msumeno hauna nguvu. Umekwama kwenye tawi. Usipotoka nauachilia uanguke."

Helikopta iliyumba kushoto, ikatulia, ikavuta taratibu, na mwishowe tawi likavunjika. Mama Njeri alikuwa amenishika mkono. Sijui nani alikuwa akimshikilia mwenzake.

Kapteni alipotua, msimamizi alimgeukia Mzee Karanja. "Hii ni petroli yako. Umeleta petroli yenye maji tena?" Mzee aliangalia madumu yake. Mimi nilikuwa nimeshainama kwenye fremu. Mpira unaonyonya mafuta ya mashine kutoka tankini ulikuwa na kibano nilichokiweka bila kukikaza. Pampu ilikuwa ikinyonya hewa, na tanki lilijaa povu.

Kidole kimoja tu kingetosha kuficha kibano kile. Nilikiweka kidole pale. Kisha nikakiondoa.

"Si petroli," nikasema. "Ni mimi. Sikukaza hapa."

Kapteni Wambui alisogea, akatazama povu, akanitazama mimi. "Ningefia pale juu, fundi."

"Najua."

"Kaza. Halafu iwashe dakika ishirini, mimi nikisimama hapahapa."

Tuliiendesha dakika ishirini. Kisha akaruka. Kufikia saa tisa laini yote ilikuwa wazi.

Jioni tukirudi mjini, tulipofika Kangemi Mzee Karanja alinigeukia. "Ungenyamaza," akasema, "leo ningefutwa kazi."

Siku hizi kwenye karakana yangu nagusa kila kibano kwa mkono, halafu nakigusa tena. Mteja akiniuliza kama mashine iko tayari, namwambia angoje kidogo. Wengine hukasirika na kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nawaacha waende.